Mgonjwa Aliyefungwa Macho

Nilipigwa ngumi na mgonjwa katika mwezi wangu wa tatu kazini. Miaka ile ya utawala wa Wabelgiji, mji wetu wa Élisabethville ulikuwa na hospitali ya Wazungu na hospitali yetu sisi Waafrika, nami nilikuwa muuguzi kijana, mwenye koti jeupe lililonipwaya.

Aliyenipiga alikuwa fundi wa kuyeyusha shaba, mzaliwa wa Pweto, mtu mzima mwenye mikono mizito. Shaba ya moto ilikuwa imemrukia usoni, akafungwa bendeji macho yote mawili. Siku hiyo niliinama kumbadilishia bendeji bila kusema neno. Mara mdomo wangu ukajaa damu, na beseni la dawa likabingirika hadi chini ya kitanda cha jirani yake.

Haikuwa mara ya kwanza. Alikwisha kumsukuma msaidizi mmoja wa wodi, na kurusha sahani ya bukari, ugali wetu, ukutani. Masera, mtawa wa Kibelgiji aliyesimamia wodi, alikuja mbio akaiona damu kwenye koti langu.

"Kesho tutamufunga na kamba," alisema. "Mikono yote mbili."

Sitaficha: maneno yale yalinifurahisha. Nilikwenda kuosha mdomo. Niliporudi kuokota beseni, nikamsikia mgonjwa akisema peke yake, kwa sauti ya chini, "Bananigusa tu. Bananigusa tu."

Nikasimama pale na beseni langu. Siku kumi na moja tulikuwa tukimjia kimya, mikono yetu ikimtokea gizani. Daktari alizungumza Kifaransa juu ya kitanda chake, kisha akaenda zake. Na mimi, kila aliponiuliza kama ataona tena, nilimjibu, "Itakuwa muzuri, baba," nikapita haraka.

Nilimwomba masera anipe asubuhi moja kabla ya kamba. Alinitazama sana.

"Moja tu," alisema.

Kesho yake nilianza kuongea nikiwa bado mlangoni. "Baba, ni miye, ule ulipiga jana. Niko nakuja. Niko peke yangu."

Sikumwinamia. Nilivuta stuli nikakaa ubavuni pake, mahali ambapo ngumi isingenifikia.

"Unataka nini?" aliuliza.

"Kubadilisha bendeji. Lakini kwanza uliza ile unataka kuuliza."

Aligeuza kichwa kuelekea sauti yangu. Kisha akasema, "Macho yangu imekufa?"

Hatukuruhusiwa kumwambia mgonjwa maneno ya daktari. Ningeweza kufukuzwa kazi.

"Ya kushoto, docteur anasema iko na nguvu," nilimjibu. "Ya kuume, ye mwenyewe hajue. Miye pia sijue."

Kifua chake kilipanda na kushuka. Nilijiweka tayari kuruka nyuma.

"Sasa umenisemesha sawa muntu," alisema.

Nikamwambia kwamba naushika mkono wake, ndipo nikaushika, nikauweka juu ya kifundo cha mkono wangu. "Shika hapa. Ukisikia maumivu, finya. Nitaacha."

Alifinya mara tatu, na mara tatu niliacha. Kazi ya dakika kumi ilichukua karibu saa nzima. Nilipogeuka, masera alikuwa amesimama mlangoni, mikono mitupu, bila kamba. Akaenda kwa mgonjwa mwingine. Nami nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi nyuma ya chumba cha kufulia, nikacheka peke yangu kama mwehu.

Hakumpiga mtu tena. Wasaidizi nao wakaanza kujitaja tangu mlangoni. Mmoja alijitaja kwa kuimba, mpaka wodi nzima ikamwomba aache.

Siku ilipofunguliwa bendeji ya mwisho, jicho la kulia halikuona kitu. La kushoto lilitoa machozi mengi, kisha likahesabu vidole vyangu: viwili, halafu vinne, bila kukosea. Mkewe, aliyekuja kwa miguu kutoka mtaa wa Kamalondo kila siku, alikaa sakafuni ghafla, akajifunika uso kwa kitenge. Mimi nilipumua kama mtu aliyetua gunia.

Mchana wakaondoka. Mkewe alimshika mkono kumwongoza, kama alivyozoea. Mumewe akajinasua, akatembea mwenyewe hatua kadhaa kwenye jua, kichwa kimeinama upande. Halafu akasimama, akamngoja, akampa mkono.