Kopa ya Baba Mkwe

Juzi nje ya lango la bandari hapa Mtwara, malori ya korosho yakisubiri zamu, niliwatazama wanaume wanne wakicheza karata, wawili kwa wawili. Wakala mmoja wa forodha alikuwa upande mmoja na kijana wa Nanyamba anayemposa binti yake. Kijana ndiye aliyetakiwa kutupa karata ya kwanza, na katika mchezo huo ni marufuku kumdokeza mwenzako atupe ipi.

Kijana akasita. Wakala akajipapasa kifua, upande wa moyo.

"Baba, kifua kinabana?" kijana akauliza.

Wakala akakohoa, akajipiga tena palepale. Kijana akaacha karata, akakimbilia maji.

"Rudi hapa! Kopa! Nataka kopa!"

Wapinzani wakacheka hadi madereva wakashuka kuchungulia. Kijana akainama, akidhani posa imekufa.

"Binti nakupa," wakala akasema, akijifuta jasho. "Ila kwenye karata katafute mwenzako."

Binti kapata mume. Wanaoelewa upesi kifua kinachopapaswa tunao tele mjini. Anayekimbilia maji ni adimu.