Punje Nne na Rula Moja

Bi Macho alichambua maharage katika ghala moja kwa miaka ishirini na miwili, na macho yake makali ndiyo yaliyolifunika jina alilopewa na wazazi wake. Alikaa meza ya pili kutoka mlangoni, miwani imefungwa kwa uzi, na hakupenda kusemeshwa akiwa kazini.

Jumatatu moja fundi alileta mashine. Meneja akatangaza kwamba ikifaulu mbele yake Ijumaa, meza zote za wachambuaji zitaondolewa. Fundi, binti mpole, alieleza kwamba mashine hupima ukubwa na rangi ya kila punje, kisha huchora mstari ulionyooka: upande huu nzuri, upande ule mbovu.

"Mstari mmoja tu?" Bi Macho aliuliza.

"Mmoja tu, mama. Unatosha."

Wiki hiyo alikula chakula cha mchana kwa mkono mmoja, wa pili ukisogeza rula kati ya punje mezani, kama ule mstari wa mashine. Punje tatu zina namna nane za kugawanywa nzuri na mbovu. Rula iliziweza zote. Akaongeza ya nne, akazipanga kama mraba, moja kila pembe. Namna kumi na sita. Alizihesabu mara tatu, maana ni mbishi hata kwa nafsi yake. Rula iliweza kumi na nne.

Ijumaa alizipanga punje nne mbele ya meneja: ndogo kushoto, kubwa kulia, nyeupe juu, nyekundu chini.

"Ndogo nyeupe ni nzuri, ndivyo mbegu yake ilivyo. Kubwa nyekundu nzuri pia. Ndogo nyekundu imesinyaa, kubwa nyeupe imelowa maji. Haya, binti, nigawie kwa rula hii moja."

Fundi aliigeuza rula kila upande, asiweze.

"Basi mashine irudi ilikotoka," meneja alisema.

Wachambuaji wenzake Bi Macho walishangilia. Laiti angenyamaza! Lakini alikuwa ameona jibu tangu Jumatano, na lilimwasha ulimi.

"Rula mbili zingeweza," alisema. "Moja huku, moja kule, mbovu zibaki katikati."

Fundi alimtazama, akafungua kompyuta. Haikumchukua hata nusu saa kuipa mashine mstari wa pili, nayo ikafaulu.

Jumatatu iliyofuata meza zilitolewa nje. Jirani yake wa meza ya tatu alimfuata uani.

"Dada, kwani ungekufa ukikaa kimya?"

"Nisingekufa," alijibu, machozi yakimlenga. "Lakini katika zile namna kumi na sita, zilikuwa zimebaki mbili."