Zuhura Atafichwa Alhamisi

Abdulrazak alikuwa fundi redio pale njia panda ya Mingoyo, na watu walimwita Mwalimu ingawa hakuwahi kufundisha darasani. Alimaliza kidato cha nne, akapewa darubini kuukuu na mhadhiri mmoja aliyepita Lindi, na tangu hapo akawa anafunga spika na betri nyuma ya pikipiki, anakwenda Mtama, Rutamba na vijiji vya jirani kuwahutubia watu juu ya mbingu. Hakutoza kitu. Alisema Mwenyezi Mungu ametuamuru tuutazame uumbaji wake, naye anawaonyesha watu pa kutazama tu.

Wakulima wa korosho walimpenda kwa sababu aliwachekesha. Mshtarii alikuwa mzee mwenye kitambi, Zohali bwana harusi mwenye pete. Sayari zote alizisema kama watu: amechelewa, amenuna, anamkimbia jua. Aliwasahihisha majina pia. Ile iliyong'aa magharibi wao waliiita nyota ya jioni, naye akawaambia hiyo si nyota, ni sayari, na jina lake ni Zuhura.

Dada yake wa mwisho naye aliitwa Zuhura. Aliolewa hapo hapo Rutamba na Amiri, na mwaka huo alikuwa na mimba ya miezi minane, miguu imevimba, presha juu. Scholastica, muuguzi wa zahanati, alimwandikia rufaa: Alhamisi asubuhi awe hospitali ya Lindi, asichelewe.

Jumanne baada ya alasiri Abdulrazak alihutubia kwenye uwanja wa shule ya Rutamba. Upepo ulikuwa mkali, spika ikikata maneno.

"Alhamisi, magharibi ikiingia," alisema, "Zuhura atafichwa na mwezi. Mtamwona anausogelea ule upande wenye giza. Halafu mara moja, hayupo."

"Atarudi, Mwalimu?" mtu akauliza.

"Atarudi, ila sisi hatutamwona tena siku hiyo."

"Mwezi nao una wivu," Ibrahimu, muuza kahawa, akasema, na uwanja mzima ukacheka.

Bi Sauda, mama yake Amiri, hakuwa uwanjani. Alikuwa kwake, nyuma ya shule, anapukuchua mbaazi, na kilichomfikia kilikuwa vipande: Alhamisi, Zuhura, giza, hayupo, hatutamwona tena. Na sauti ilikuwa ya kaka wa mkwe wake, mtu mwenye elimu, mtu wa swala tano.

Jumatano, kabla usiku haujaingia, Amiri akapiga simu.

"Shemeji, mama anasema Zuhura hasafiri kesho."

"Kwa nini?"

"Wewe si ndiye uliyetangaza?"

"Amiri, nilisema sayari. Sayari itafichwa."

"Hukusema itafichwa. Ulisema atafichwa. Kijiji kizima kimesikia."

Ilikuwa kweli. Herufi moja, aliyoiweka ili watu wacheke.

Alhamisi alifika Rutamba kabla ya saa nne. Akamkuta Bi Sauda ameketi mlangoni, tasbihi mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kumuaga?"

"Nimekuja kumpeleka Lindi. Yale maneno yalihusu kitu cha angani, mama. Hakina habari naye."

"Mimi sikuzuii kumpeleka. Naizuia Alhamisi tu. Ipite hiyo magharibi yako, kesho alfajiri mimi mwenyewe nitambebea kanga."

Abdulrazak akaingia ndani. Zuhura alikuwa amelala ubavu, uso umejaa, lakini alipomwona alicheka.

"Kaka, ungemtaja hata Apolonia wa jirani. Ni lazima mimi?"

"Twende, Zuhura. Gari nimelipata."

"Nikifia njiani watasema mama alikuwa na haki. Kisha Amiri ataishi na nini, kama si maneno hayo?" Akashika kichwa. "Kinauma kidogo tu. Tungoje hiyo saa ipite. Nami naogopa, kaka. Sauti yako niliisikia kutoka humu humu ndani."

Angeweza kumbeba kwa nguvu. Scholastica alipopita saa nane alimwambia hivyo hivyo, kwa hasira: mbebe. Lakini wanawake walikwisha kusanyika kusoma Yasini, na Abdulrazak akaona haya kuwapita katikati na mke wa mtu.

Jua likazama. Watu wakatoka nje, uani. Mwezi ulikuwa mwembamba kama ukucha, na ile nukta ya mwanga ikausogelea, ikafika, ikazimika. Mama mmoja akajifunika uso. Bi Sauda akaenda mlangoni mbio.

"Zuhura!"

"Nipo, mama."

Uani watu wakapumua. Ibrahimu akaomba chai. Bi Sauda akasema alhamdulillahi mara tatu, na Abdulrazak akaingia kumwambia dada yake wajiandae, kungoja kumekwisha.

"Kaka," Zuhura akasema, "washa taa."

Taa ilikuwa inawaka.

Kifafa cha mimba kilimshika kabla gari halijageuzwa. Alifariki njiani, hawajaziona taa za Lindi, yeye na mtoto tumboni. Sheikh alisema makaburini kwamba ajali ya mja, saa yake ya kufa, haisogei mbele wala nyuma, na hivyo ndivyo tunavyoamini. Hakuna aliyemlaumu Abdulrazak. Walimpisha njia. Ibrahimu, aliyekuwa akimtania, sasa alimsalimia akiwa ametazama chini.

Mwezi wa pili baada ya hitima, mwanamume aliyejitambulisha kwa jina la Alfani alitoka Mtama akaweka redio juu ya meza ya fundi. Abdulrazak akaiwasha. Ikaimba vizuri tu.

"Hii haina ubovu, ndugu yangu."

"Najua." Alfani aliipangusa redio kwa kiganja. "Mke wangu naye anaitwa Zuhura. Ana mimba, miguu imemvimba. Nimekuja kuuliza tu, Mwalimu. Siku gani?"

Abdulrazak alitaka kusema kwamba ghaibu anaijua Mungu peke yake. Akasema, "Mpeleke hospitali leo."

Rangi ya Alfani ikabadilika. "Kwa hiyo ni leo."

Neno la kumsahihisha lilikuwa tayari mdomoni. Abdulrazak akalimeza, akainamisha kichwa, na alijua anachokifanya.

"Ni leo," akasema. "Kimbia."