Kibuyu Nilichokisugua

Mimi nilikuwa na cheti, mama mkwe alikuwa na kibuyu. Hapo ndipo ubaya ulipoanzia.

Miaka ya sitini nilikuwa dresa katika zahanati moja Kisumu, kazi yangu kufunga vidonda na kuwahubiria kina mama usafi. Tulifundishwa kwamba kila kidudu ni adui, nami nilisadiki kwa kiburi cha mtu aliyevaa sare nyeupe juzi tu. Nilipomwachisha binti yangu kunyonya, nikampa maziwa ya kopo kwa chupa, kama watoto wa wakubwa. Akaharisha. Nikampeleka Asembo Bay kwa bibi yake, akanywa maziwa yaliyochachuka ya kibuyuni, akarudi na mashavu ya chifu.

Ningejifunza hapo. Wapi! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mkuu nilijiona ni mimi.

Nikarudia chupa, naye akarudia kuharisha. Zahanati ikampa dawa kali ya kuua viini, tumbo likazidi. Mama mkwe akaja kwa basi, kibuyu mapajani. Ndani alikuwa ameacha maziwa kidogo ya zamani, kama desturi yake, yachachushe mapya. Alipojilaza, nikakinusa. Niliona aibu, jirani yangu muuguzi angesemaje? Nikamwaga yote, nikasugua kwa sabuni, nikamimina maji ya moto na dawa ya kuoshea sakafu ya zahanati.

Alipoamka akachungulia ndani.

"Nyathina," aliniita, kama mtu amwitavyo mwanawe, "umemwaga ile ya zamani? Hiyo mama yangu alinipea. Mimi huosha na maji peke yake."

"Mama, ilikuwa na vidudu."

"Sawa. Sasa nani atafanya hiyo kazi?"

Tulitia maziwa mapya. Hayakuganda, yalioza tu. Asubuhi akapanda basi kurudi Asembo kuomba mbegu ya maziwa, yale ya zamani ya kuchachushia, kwa mke mwenzake. Aliporudi kesho yake na chupa aliyoifunga kwa kitambaa, alikuta watu wameketi nje ya nyumba yangu. Akaiweka chini, akakaa nao.

Sasa wataalamu wanasema bakteria wa maziwa lala, hayo yaliyochachuka, hukalia nafasi tumboni, wabaya wakakosa pa kukaa, na huizoesha kinga ya mwili kujua nani wa kupigana naye na nani wa kumwacha. Wanasema pia dawa ya kuua viini haichagui, inafagia wote. Wanayasema kwa furaha ya mtu aliyegundua kitu. Mimi huzima redio.

Sisemi maziwa yale yangemwokoa. Pengine hata yangefika mapema asingepona. Hakuna ajuaye, na kutojua huko ndiko kunakonitafuna.

Mama mkwe hakumweleza mtu yeyote habari ya kibuyu. Kwenye mazishi alisema tumbo lilimzidi mtoto, basi. Nilimchukia kwa huruma ile. Ningependa anitukane mbele ya ukoo mzima, nilie kwa haki.

Alipofariki, aliagiza nipewe kibuyu. Nimekitundika jikoni, na sijawahi kumwomba mtu mbegu. Wageni hukishusha, wakakinusa, wakanisifu jinsi ninavyokiweka kisafi.