Beseni la Wageni na Kuku wa Mama

Mliniuliza bwenini kwa nini ikifika zamu yangu ya kuwanawisha walimu mikono nasingizia tumbo. Jambo lenyewe ni la aibu na kulisema kwa mdomo siwezi. Basi nimeliandika humu. Someni wenyewe, ila msilisome kwa sauti.

Likizo ile nilifika nyumbani Mazingara nimechoka na safari, nikakuta kila mtu amechoka kuliko mimi. Kijiji chetu kilikuwa bado kipya, nyumba zimepangwa mistari, mlango wa huyu unatazama mlango wa yule, na watu wazima tangu alfajiri wako shamba la kijiji. Mama alinipokea mzigo akanikabidhi kuku kumi na wawili.

"Hawa ndio posa ya dada yako," akasema. "Wageni wa Ngombezi wanakuja Ijumaa ya wiki ijayo. Asife hata mmoja kwa kiu."

Kiu ndiyo iliyokuwa kazi. Mvua ilikuwa imetupita, maji tunayafuata lambo, unatoka jua linachomoza unarudi limeshakuchoma utosi, na ndoo hiyo hiyo moja ni ya kupikia, ya kuoga kwa kugawana na ya kuku. Sasa kuku (kama hamjaishi nao) hawanywi kwa adabu. Niliwawekea kopo la maziwa ya unga, jogoo akakanyaga ukingo, likabiringika, maji yote yakanywewa na vumbi. Nikaweka kigae cha chungu kilichovunjika kama anavyofanya bibi, lakini kigae kinashika mafunda matatu tu, nikawa najaza kutwa nzima. Nikakata kibuyu, mbwa wa jirani akaondoka nacho. Nikatafuta kipande cha tairi, maana mwalimu wetu wa kilimo alisema tairi halipinduki, na kweli halikupinduka, ila kufika saa sita maji yalikuwa ya moto na yananuka mpira, kuku wakayatazama, kisha wakanitazama mimi.

Siku ya nne, shingo inauma hata kugeuka siwezi, nikakumbuka vyombo vya wageni chini ya kitanda cha mama. Beseni lile mnalijua hata kama hamjaliona, kila nyumba inalo: jeupe, la chuma, maua mekundu ubavuni, zito, pana, kina kifupi. Mama alilipata kwenye harusi yake na kazi yake ni moja, mgeni akikaa mkekani msichana wa nyumba anapiga magoti, beseni chini ya mikono, birika juu. Nikajiambia ni leo tu, nitalisugua kwa majivu na kulirudisha kabla mama hajatoka shamba. Kuku wakanywa, halikutikisika. Kesho yake nikalitoa tena. Na keshokutwa.

Tena kuna haya zangu, ambazo ndizo zilizonimaliza. Kuku huitwa kwa mdomo, na pale kijijini ukipaza sauti mstari mzima unasikia, na mimi msichana wa Kidato cha Pili nipige kelele kukukukuku mbele ya vijana wa nyumba ya pili, hapana. Nikawa nagonga ukingo wa beseni kwa kijiko, ngo ngo ngo, taratibu. Siku ya tatu wakajua. Siku ya tano wakajua hata kuku wa jirani.

Ijumaa baada ya swala wageni wakaja, mshenga Mzee Mhando na shangazi wa kijana aliyekuwa anaposa, kijana mwenyewe ni wa kiwanda cha mkonge. Dada Mwanaidi alimtaka kwa moyo wake wote na alikuwa amemngoja mwaka mzima. Aliyekuwa hataki ni huyo shangazi, ambaye habari zake zilimtangulia kwamba amesema wasichana wa vijiji vipya hawajui usafi. Kwa hiyo mama aliniambia mara tatu, nawisha vizuri.

Nikapiga magoti. "Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona unatetemeka? Aliyeposwa ni wewe?"

Watu wakacheka, mkono ukazidi kutetemeka, na mdomo wa birika ukagonga ukingo. Ngo ngo ngo.

Walikuja wakikimbia, wetu tisa (watatu walikuwa chunguni) na wa jirani sijui wangapi, wakapita juu ya mkeka na juu ya viatu, na jogoo akaingiza kichwa chini ya vidole vya Mzee Mhando, akanywa, akainua shingo na kufumba macho.

"Na hawa mmewaalika?" akauliza mzee.

"Zaina, fukuza," baba akasema kwa sauti ya chini. Mikono yangu yote miwili imejaa, nifukuze kwa kitu gani? Nikalitua birika, likagonga beseni, wakaja na waliokuwa wamechelewa.

Shangazi alikuwa ameshavuta mikono yake nyuma. "Binti, hebu niambie. Beseni hili ni la nani?"

"La wageni, shangazi."

Ningeishia hapo. Lakini alinitazama, na mimi nikitazamwa siwezi kuficha kitu.

"Na la kuku," nikamalizia.

Ndani nikamsikia mama akisema, "Nimekufa mie." Wakanawa upya kwa kata, kwa sabuni, wakamaliza maji yote ya mtungini. Mzee Mhando alijaribu kutuokoa. "Basi huyu ninayemla alikunywa kwenye chombo cha heshima," akasema, lakini alicheka peke yake. Shangazi alikula matonge matatu, na wakaondoka wakisema wataleta neno.

Neno halikuja wiki nzima. Dada hakunigombeza, ingekuwa afadhali. Aliniambia tu, "Ungesema la wageni ukanyamaza," na baada ya hapo tukawa tunakwenda lambo yeye mbele mimi nyuma, ndoo kichwani, njia nzima.

Ijumaa iliyofuata wakarudi. Shangazi alibeba kitu kimefungwa kwenye kanga, akakifungua mwenyewe mbele ya baba. Beseni jipya.

"Hili ni la watu," akasema, akanigeukia. "Nimepita nyumba tatu zenye wasichana nikiuliza maswali. Wewe tu ndiye uliyenijibu kweli."

Dada akaolewa, akaenda na beseni lile jipya Ngombezi. Lile la zamani mama alinisukumia kwa mguu, hajaligusa kwa mkono mpaka leo, na wageni wetu wananawa kwa kata kama wako shamba.

Mimi nimeapa kutogonga tena chombo chochote. Nikiwa nyumbani natoka asubuhi na maji yangu, nasimama uani, nafumba macho, naita kukukukuku kwa sauti yangu yote, na kutoka nyumba ya pili kuna mtu hunijibu kila siku, "Tunakuja, tunanawa kwanza." Nafungua macho, namimina maji.