Kuku wa Zeituni kwa Ayuma

"Mwizi ni mimi, au ni serikali iliyonipa kuku ikarudi kuwala?"

Hivyo ndivyo Ayuma alivyotujibu akina mama wa Lurambi, amesimama katikati ya darasa tuliloazimwa kwa mikutano, leso kaifunga kiunoni kama mtu anayekwenda kuchimba choo. Aliyemwita mwizi ni Zeituni, muuza mandazi, mke wa Bashir fundi cherehani. Zeituni alikuwa anamdai kuku jike mmoja, na alikuwa amemngojea tangu mvua za mwaka uliopita.

"Mimi sijui serikali," Zeituni akasema. "Banda nimejenga mpaka panya wamehamia. Kuku wangu yuko wapi, mama?"

"Muulize Bwana Ushirika. Alimlia pale kwangu, na mchuzi akaongezewa."

Huo ulikuwa mwaka wa pili wa Uhuru, na kila mtu mwenye kalamu mfukoni alikuwa analeta maendeleo. Kwetu yaliletwa na Cornelius, bwana shamba, kijana aliyetoka chuo cha kilimo cha Bukura na kaptula iliyopigwa pasi ikawa na makali. Alileta kuku wekundu wa kizungu, wanene, wenye kiburi. Sharti lake lilikuwa rahisi: mama wa kwanza apewe majike na jogoo, vifaranga wakikua ampe jirani jike mmoja, naye jirani ampe mwingine, hivyo hivyo mpaka Lurambi yote iuze mayai mjini. Wa pili kwenye zamu alikuwa Zeituni.

Wa kwanza tulimchagua Ayuma, na hapo ndipo tulipokosea. Hatukumchagua kwa kuwa anajua kuku. Tulimchagua kwa sababu boma lake liko kando ya barabara, Landrova itafika bila kukwama.

Ikafika kweli.

Sasa, kwetu mgeni akiondoka bila kula ingokho, yaani kuku, huyo hakukaribishwa, alipita njia tu. Kumpika kuku ni kazi ya mwanamke. Kumla si kazi yake. Wanaume wanakula nyama, mwenye boma anapewa firigisi, na mama aliyemfuga, akamkimbiza, akamnyonyoa, anabaki na moshi machoni. Ayuma alikuwa ameshazaa saba na hajui paja la kuku lina ladha gani. Sisi wengine vilevile. Zeituni tu ndiye aliyejua, maana kwao Waislamu wanawake nao hula, na alitucheka sana kwa jambo hilo.

Basi, akaja Cornelius mara mbili kuangalia kama kuku wamezoea. Akachinjiwa. Akaja Bwana Afya kuangalia kama banda ni safi. Akachinjiwa. Bwana Ushirika alikuja kutufundisha kuuza mayai, akamla mama wa hayo mayai. Hata dereva aliyepotea njia ya Bukura aliingia kuuliza, akatoka anachokoa meno. Cleophas, mume wa Ayuma, seremala wa vitanda ambaye hajamaliza kitanda cha mtu kwa wakati, aliisikia Landrova kabla haijatoka mjini. Nadhani hakuna mwanamume mwingine Lurambi aliyekula firigisi kutoka kila idara ya serikali.

Ayuma mwenyewe alizaliwa upande wa Matungu, akasoma mpaka darasa la tatu, akaolewa kwetu na sufuria moja na mdomo. Sufuria ilitoboka. Alilima, akauza ndizi sokoni, akazika watoto wawili na kulea watano, na hakuwahi kukopa hata chumvi. Ndiyo maana neno "mwizi" lilimchoma vile. Mkutano ukaamua: kabla ya Jumapili kuku afike kwa Zeituni, la sivyo Ayuma atoke kikundini na jina lake limfuate sokoni.

Alibaki na jike mmoja. Na Ijumaa mkubwa mmoja wa Nairobi alikuwa anakuja kuona mradi ulivyofaulu.

Asubuhi hiyo Cleophas akanoa kisu.

"Mama watoto, leo usinitie aibu. Huyu ni wa Nairobi."

"Nairobi hakuna kuku?"

"Atasema nini juu yangu?"

"Atasema una mke."

Ayuma akamkamata huyo jike, akamtia kwapani, na hakumshusha tena. Aliwasalimu wageni, mkubwa na Cornelius, na kuku kwapani, akawanawisha na kuku kwapani, akaandaa kwa mkono mmoja obusuma, ugali wetu, aliousonga mapema. Sisi tulikuwa tumejazana mlangoni. Tumekuja kusaidia kupika, ndivyo tulivyosema.

Mkubwa akafunua bakuli: mboga ya mrenda. Akafunua la pili: mrenda.

"Mama," akasema kwa upole, "niliambiwa hapa kuna mradi wa kuku."

"Upo, bwana mkubwa. Umekaa karibu nao." Ayuma akanyoosha kidole kwenye tumbo la Cornelius. "Wawili wamo humo. Mmoja yuko kwa Afya, mmoja kwa Ushirika. Munakujanga kuhesabu kuku, na mukimaliza kuhesabu munakulanga."

"Na huyo wa kwapani?"

"Huyu si wangu. Ni wa Zeituni."

Cleophas akatazama dari kama mtu aliyesikia mchwa. Mkubwa alicheka mpaka mrenda ukamvutikia kwenye tai, kisha akaomba aongezewe. Hakuona aibu yoyote. Watu wa mshahara hawaonangi. Wakati anapanda gari alisema mradi ni mzuri, shida ni kwamba kuku hawatoshi.

Cornelius akabaki nyuma kidogo. "Mama, umeniaibisha."

"Meza tu, mwanangu. Hiyo haina mifupa."

Vumbi la Landrova halijatulia, Ayuma alikuwa ameshashika njia, mkono umekufa ganzi, nasi nyuma yake kama watu wa harusi. Zeituni tulimkuta kwenye karai la mandazi.

"Asalaam aleikum, dada. Chukua mali yako."

"Waleikum salaam. Mbona amelowa hivi?"

"Amekaa na wakubwa tangu asubuhi."

Zeituni akapangusa unga mikononi, akampokea, akampima uzito, akampapasa chini ya mkia pole pole, kama mtu anayetafuta kitu mfukoni mwa mwenzake.

"Ana yai huyu," akasema. "Haya, mama Ayuma. Hatudaiani."

Ayuma akavuta kigoda, akakaa, akaomba maji ya kunywa.