Bega la Mama na Jani la Isale

Kipindupindu kilipoingia, meneja wa shamba la kahawa aliamuru vibarua wote wachanjwe, na asiyechanjwa asikanyage shambani. Mama alipanga foleni na wenzake. Dresa, yaani mhudumu wa zahanati ya shamba, kijana wa huko huko kwetu mlimani, alikuwa na haraka, akaichoma sindano juu mno, karibu kabisa na ncha ya bega.

Tulidhani maumivu yangepita. Hayakupita. Mkono wa kulia uligoma kupanda, na mchuma kahawa asiyeweza kuvuta tawi hana kazi. Nyumbani nikawa namfunga kilemba mimi, na ng'ombe namkatia majani mimi. Daktari mjini Moshi alimpima, akasema wazi kwamba dawa iliingia kwenye kiungo. Meneja alisema ni uzee, akamwachisha kazi.

Mimi ndiye niliyemsukuma mama adai fidia mahakamani. Nilikuwa mwalimu, na hasira zangu zilikuwa karibu.

Kesi ikiwa imekaribia, dresa alifika nyumbani na mjomba wake, ameshika jani la isale. Kwetu Uchaggani anayekuletea isale anakuomba msamaha, na hulikatai. Ukishalipokea, ugomvi umekwisha. Mama alilipokea kwa mkono wa kushoto, akiomba radhi kwa kukosa wa kulia. Kijana alilia. Alisema yeye mwenyewe alitaka kuja siku nyingi, ila safari hii meneja ndiye aliyemwambia aende, tena upesi.

Nilichemka. Nilimvuta mama jikoni nikamwambia wamemchezea, kesi imekufa na sisi ndio tumeiua. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanituma niwapelekee wageni mbege, pombe yetu ya ndizi.

Mahakamani wakili wa shamba alimwuliza swali moja tu, kama alipokea isale. Mama alikubali. Wakili akamgeukia hakimu, huku akikusanya makaratasi yake, akaeleza kwamba kwa mila yake mwenyewe mama huyu ameshasamehe, hivyo hakuna tena anachodai. Nilitamani kusimama nipige kelele. Hakimu akamwuliza mama kama ana la kusema.

"Mheshimiwa, nimemsamehe aliyekuja," alisema. "Aliyemtuma hajaja."

Meneja alikuwa amekaa benchi la mbele. Aliinama akatazama viatu vyake. Miaka yote nilimwona mama kuwa mpole kupita kiasi, na nilikuwa nikimwonea huruma kwa hilo. Siku ile nilimwogopa kidogo, nikampenda zaidi.

Hakimu aliamuru shamba limlipe, na likalipa kwa kusuasua. Bega lilibaki vile vile. Meneja aliendelea kupita na gari lake mbele ya kihamba chetu, shamba la migomba la ukoo, na mama akimwona alimsalimia vizuri tu. Meneja hakusimama hata siku moja. Mama alifariki hajamsamehe, na mimi, niliyekaa kando ya kitanda chake hadi mwisho, sikumbembeleza amsamehe.